Nyuki Aliyelala Akiuma Unyasi

Msikilizaji, uwe jikoni ukingoja chai ichemke, au uwe njiani ukitoka kupeleka maziwa, naomba tuwe pamoja kwa muda mfupi. Nataka kukupeleka Ndanai, huku kwetu Sotik, kaunti ya Bomet, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Jua halijachomoza. Ukungu bado umelalia majani ya chai, na umande ni mwingi, ukivuka njia mara moja tu viatu vimelowa chapachapa.

Pembezoni mwa shamba, pale chai inapokomea na njia ya ng'ombe inapoanzia, pana nyasi ndefu zisizo na mwenyewe. Hakuna anayezifyeka. Ng'ombe huzing'ata tu wakipita. Katika nyasi hizo ndipo nilipomkuta nyuki amelala.

Sikiliza namna alivyolala. Alikuwa ameuma unyasi kwa taya zake, na hilo tu ndilo lililomshikilia. Miguu yake yote sita aliikunja chini ya kifua, haikugusa unyasi wala jani. Mwili mzima ulining'inia hewani, umebebwa na taya mbili ambazo kwa macho matupu huwezi hata kuziona. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yamejaa vitone vya umande, na kila kitone kilibeba ndani yake kilima cha ng'ambo kikiwa kimepinduliwa, anga chini, ardhi juu. Tumboni alikuwa na mistari ya samawati, ile samawati inayometa kama shanga.

Kijana wa jirani hupita hapo kila siku na mtungi wa maziwa. Alisimama nyuma yangu akachungulia.

"Mwalimu, huyo si amekufa?"

"Hajafa. Ngoja jua."

Tukangoja. Jua lilipogusa ncha ya unyasi, yule nyuki alianza kutetemeka. Mabawa yalikuwa yametulia, lakini kifua kilitikisika ndani kwa ndani, kama injini inayopashwa moto kabla ya safari. Kisha mguu mmoja ukakunjuka, ukafuata wa pili. Akapangusa papasi zake moja moja, akafuta macho, akaachia taya. Akaenda.

Kijana alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Kwani hulala hivyo kila siku?"

Ndiyo, kila siku. Huyu ni nyuki wa jamii ya Amegilla, si wale wa mzingani. Jike lake huchimba shimo lake mwenyewe ardhini na kulala humo. Dume halina nyumba. Jioni ikiingia, dume hutafuta unyasi au kijiti, hukiuma kwa taya, na usiku kucha hubaki hivyo hata mvua inyeshe. Nimepita kando ya nyasi zile kwa miaka mingi, mchana na alfajiri. Nilianza kumwona siku nilipoinama na lenzi.

Ninachotaka kusema jioni ya leo kinaanzia hapo, kwenye kuinama.

Katika mazungumzo yetu ya kila siku tuna neno moja, mdudu, nalo tumelibebesha mzigo mkubwa mno. Mdudu ni yule anayekula mahindi, na mdudu ni yule anayeyalinda. Mtoto akiuliza, "Mama, hiki ni nini?" jibu huwa, "Ni mdudu, wacha." Maneno hayo hufunga mlango, kwa sababu kitu kisicho na jina hakimuumizi mtu kikikanyagwa. Na si kwamba Kiswahili ni maskini wa majina. Tuna kereng'ende, tuna mbawakawa, tuna kimulimuli, tuna sisimizi na siafu, na hakuna anayezoea nyasi asiyejua tofauti ya hao wawili. Tuna vunjajungu, ambaye jina lake lenyewe ni onyo: ukimgusa, utavunja chungu nyumbani. Waliompa jina lile walikuwa wamemtazama kwa karibu. Walimwona ameinua mikono yake, anageuza kichwa kukufuata kwa macho, wakaona kwamba huyu si wa kuchezewa.

Picha ya karibu, ile ambayo wapigapicha huiita makro, inaturudisha kwenye utazamaji huo. Kwa wenye ufundi, makro kamili ni pale umbo la kitu linapoangukia ndani ya kamera likiwa na ukubwa ule ule lilio nao duniani. Sisimizi wa milimita tano anachukua milimita tano za kile kidude kinachopokea mwanga. Ukikuza picha hiyo iwe kubwa kama kalenda ya ukutani, sisimizi yule anakuwa na uso. Ana nywele mashavuni. Ana taya zenye meno kama msumeno. Jicho lake, ambalo ulidhani ni nukta nyeusi, linageuka kuwa sega la vioo vidogo vidogo, kila kimoja kikitazama upande wake.

Kazi hii ina masharti yake, na masharti hayo ndiyo yaliyonifanya niipende. La kwanza ni kwamba sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba mno. Ukiwa karibu hivyo, kina cha mahali panapong'aa bila ukungu huenda kisifike hata milimita moja. Ukilenga jicho la nzi, bawa lake linapotea. Upepo mdogo unaotikisa jani kwa upana wa unywele unatosha kuharibu kila kitu. Pumzi yako mwenyewe ni upepo. Kwa hiyo unajifunza kupumua kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Unapiga magoti kwenye udongo mwekundu, viwiko vimekaza, na unasubiri. Wapo wanaopiga picha kumi, ishirini, hamsini za kitu kimoja, kila moja ikilenga mahali tofauti kidogo, kisha wakazishona kwa kompyuta zikawa moja. Mimi hufanya hivyo mara chache. Napenda zaidi picha ambayo jicho tu limetoka vizuri na mengine yameyeyuka.

Sharti la pili ni saa. Wadudu wengi hutegemea jua kupasha miili yao moto. Saa nne asubuhi panzi ameruka kabla hujainua mkono. Alfajiri, hasa huku kwetu ambako usiku una baridi ya kuvalia sweta, wamepoa na wametulia, na umande umewapamba. Wafugaji wa Ndanai wameamka saa hizo tangu zamani kwa ajili ya kukama. Hawahitaji kubadilisha ratiba yao hata kidogo.

Na vifaa? Nasikia mtu akisema, hayo ni mambo ya wenye fedha. Kamera nzuri na lenzi ya makro ni ghali kweli, sitakuficha. Lakini simu nyingi za siku hizi zina uwezo wa kupiga picha za karibu, na kuna vilenzi vidogo vya kubana juu ya simu. Mwenye kamera kuukuu anaweza kuigeuza lenzi ya kawaida nyuma mbele na kuishikilia kwa mkono, ikawa kikuzio kikali. Hata tone la maji safi lililowekwa kwa uangalifu juu ya jicho la simu isiyoogopa maji linakuza. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, mtu wa kwanza kuona vijidudu vinavyoogelea ndani ya tone la maji, hakuwa profesa. Alikuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft. Vioo vya kukuzia vilikuwa vya kuhesabia nyuzi za nguo, na miaka ya 1670 udadisi wake ukampeleka mbali zaidi ya nguo.

Sasa turudi kwenye chai, maana hapa Bomet na Kericho mtu akisimulia habari ya kitu kidogo bila kutaja chai atakuwa amekosea mlango.

Kila mchumaji anajua: majani mawili na chipukizi. Mkono unakwenda, unavunja, unatupa kikapuni nyuma, unakwenda tena. Wiki ikipita, au mbili, mkono unarudi kwenye kichaka kile kile. Ndani ya maisha ya mchumaji mmoja ni machipukizi mangapi yamepita kwenye vidole hivyo? Na bado ni wachache sana waliowahi kuliona chipukizi lenyewe. Mimi nililipiga picha asubuhi moja ya mawingu, kwa mwanga laini usio na kivuli. Limejikunja kama mkuki, na limefunikwa vinyweleo vyeupe vya fedha, vyote vimelala kuelekea upande mmoja kama manyoya ya ndama aliyelambwa na mamake.

Vinyweleo hivyo vimeingia kwenye biashara ya dunia nzima na sisi hatuna habari. Kwenye magunia ya chai, katika majina ya madaraja, lipo neno Pekoe. Ile BP1 na PF1 ambazo wakulima huzisikia mnadani, herufi P ndani yake ni hilo Pekoe. Asili yake ni Kichina cha kusini, na maana yake ni vinyweleo vyeupe. Wachina walilitazama chipukizi kwa karibu, wakaliita kwa kile walichokiona. Jina likasafiri kwa meli, likapita Ulaya, likapakwa kwenye magunia Mombasa, na linamrudia mchumaji wa Ndanai kama herufi moja tu. Kitu chenyewe kilikuwa kwenye ncha ya kidole chake wakati wote.

Nikazioneshe picha zile kwa nani, kama si kwa mama mmoja jirani yetu ambaye amechuma chai tangu akiwa msichana? Vidole vyake vya gumba na vya shahada vina weusi usiotoka kwa sabuni, ule utomvu wa chai ulioingia kwenye mistari ya ngozi. Nitamrudia baadaye. Kwanza nizungumzie mvua ya mawe.

Wasikilizaji wa Kericho, Bomet na Nandi, nyinyi sihitaji kuwaeleza. Wengine huenda hawajui kwamba milima yetu hii ya chai imo miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mchana wingu jeusi linapanda, saa tisa linapasuka, na baada ya dakika kumi shamba lililokuwa kijani limekuwa kama limepigwa fimbo. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa hali ya hewa walirusha roketi za baruti kwenye mawingu ya Kericho, wakajaribu na ndege pia, ili kupunguza madhara hayo.

Siku moja, mvua ilipokatika, niliokota jiwe moja la barafu lenye ukubwa wa njegere kubwa. Nikalikata kwa kisu kikali, nikaliweka juu ya sufuria nyeusi iliyokuwa baridi, nikapiga picha haraka kabla halijayeyuka. Ndani mna miviringo kama ya kitunguu: ukanda mweupe wa maziwa, ukanda wa kioo, mweupe tena, kioo tena. Kila ukanda ni safari. Jiwe lilibebwa na upepo wa wingu kupitia sehemu zenye maji na baridi tofauti, likivaa barafu kila lilipopita. Na katikati kabisa, moyoni, pana kiini.

Kiini hicho kina kisa chake. Maji safi ya wingu hayagandi kirahisi. Tone dogo lisilo na uchafu wowote linaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Ili ligande mapema linahitaji kitu cha kushikia, chembe ya kitu kigumu ambayo barafu itaanzia hapo. Mwaka 1982 watafiti wawili, Schnell na Tan-Schnell, walichapisha makala juu ya taka za majani ya chai ya Kenya, yale majani makavu yanayooza chini ya vichaka. Waligundua kwamba chembe zake zinagandisha maji kwenye baridi ndogo tu. Ni mbegu nzuri za barafu. Pendekezo lao lilikuwa kwamba vumbi la taka hizo, likitimuliwa na nyayo za wachumaji na kubebwa na hewa inayopanda mchana, linaweza kuwa linalisha mawingu yale yale yanayorudi alasiri kuipiga chai.

Nilipolisoma jambo hilo nilitoka nje nikapiga magoti chini ya kichaka. Niliangalia jani lililooza, limebaki mishipa mitupu kama wavu wa kuvulia dagaa, na katikati ya matundu yake mna uzi mweupe wa kuvu, na juu ya uzi kuna tone. Nikafikiri: labda hili hapa, lisiloonekana hata kwa lenzi yangu, litakuwa moyo wa jiwe la kesho. Tangu hapo siwezi kusema "ni taka tu" na moyo ukakubali.

Kuna anayedhani kwamba nasifu kila kilicho kidogo kwa kuwa ni kizuri, na kizuri ni chema. Hapana. Nieleweke. Wahenga walisema mdharau mwiba guu huota tende, na Bomet tulilipata hilo shambani. Septemba mwaka 2011, sehemu za Longisa, hapa hapa kwenye kaunti yetu, mahindi yalianza kukauka kuanzia kingo za majani. Yakageuka manjano, yakabeba magunzi matupu au hayakubeba kabisa. Ulikuwa ugonjwa ambao haukuwahi kuripotiwa Kenya, ule uliokuja kujulikana kwa herufi zake, MLN. Ni virusi viwili vinavyoshirikiana. Kutoka Bomet ulienea sehemu nyingi za nchi na kuvuka mipaka.

Mmoja wa wanaosambaza kimojawapo cha virusi hivyo ni mdudu anayeitwa thripi, mwenye urefu wa milimita moja hivi. Mkulima akikung'uta jani juu ya karatasi nyeupe ataona vistari vinatembea. Nilimpiga picha mmoja aliyetua kwenye jani la hindi, nikamkuza. Bawa lake si bawa kama la nzi. Ni kijiti chembamba chenye nywele ndefu pande zote mbili, kama unyoya uliochanwa kwa subira. Kwa mdudu mdogo hivyo hewa ni nzito, karibu kama uji, naye husafiri ndani yake kwa kile kitana chake. Ni kitu cha ajabu na kina uzuri wake, na ndicho kilichowalaza watu njaa. Siwezi kuuficha mmoja wa ukweli huo ili mwingine upendeze.

Lakini tazama faida ya kukaribia. Walipoingia viwavi jeshi wageni mwaka 2017, wakulima wengi walikuwa wakiuliza ni kiwavi gani kati ya wengi wanaokula mahindi. Jibu limeandikwa kwenye mwili wake: usoni ana mstari mweupe wa Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa kama pembe za mraba. Anayemtazama kwa umbali wa mkono hatayaona. Mwenye simu yenye picha kali anayaona kabla hajanunua dawa, na anaweza kumtumia afisa wa kilimo picha hiyo, badala ya kunyunyizia sumu kila kinachotembea, akiwemo yule nyuki wa samawati.

Na jamii ya nyuki yule ina kazi. Ua la nyanya hufungia chavua yake ndani ya koni ya manjano, na haitoki mpaka ua litikiswe. Managu yetu ni hivyo hivyo. Nyuki wa asali hawezi mtikiso huo. Amegilla jike anaweza: hulikumbatia ua, hutuliza mabawa na kutetemesha misuli ya kifua, misuli ile ile ambayo dume aliitumia kujipasha moto kwenye unyasi, na chavua humwagika tumboni mwake. Ukikaa karibu unausikia mlio wake ukipanda ghafla, mkali kuliko ule wa kuruka.

Mkenya aliyetufundisha zaidi mambo haya ni Dino Martins, mtafiti wa wadudu. Alipata tuzo ya Whitley mwaka 2009 kwa kazi yake na wakulima juu ya wachavushaji, na mwaka 2014 kitabu chake cha mwongozo, Our Friends the Pollinators, kilitolewa na Nature Kenya. Utafiti wake katika bonde la Kerio ulionesha kwamba mipapai ya wakulima wa kule huchavushwa na nondo wakubwa wanaokuja magharibi giza linapoingia, na kwamba nondo hao wanahitaji vichaka vya asili karibu. Mkulima anayekata kichaka chote kwa kukiona ni pori tupu anakata papai lake bila kujua.

Na ng'ambo ya pili, ziwani Mbita, kwenye kampasi ya kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe iliyopewa jina la Thomas Odhiambo, Mkenya aliyekianzisha kituo hicho mwaka 1970, wamemtafiti buibui mmoja mrukaji. Anaitwa Evarcha culicivora. Ana urefu wa milimita tano tu, uso mwekundu, na macho mawili makubwa ya mbele yanayokutazama kama taa za matatu. Buibui huyu, ambaye sayansi ilimpa jina mwaka 2003, anapenda damu lakini hana namna ya kuinyonya moja kwa moja kwa mtu. Afanyeje? Anawinda mbu jike aliyeshiba damu. Akipewa nafasi ya kuchagua kati ya wadudu wengi, humchagua huyo. Wadogo wake humtambua mbu wa malaria kwa namna anavyokaa, tumbo limeinuliwa juu. Maskani yake ni ukanda wa Ziwa Victoria, kwenye nyumba za watu na vichaka vya karibu. Ni wangapi wamefagiliwa nje pamoja na utando wa kona? Kila nikiona buibui mrukaji ukutani kwangu sasa, ninaahirisha ufagio.

Niseme pia neno kwa vijana wanaoanza kupiga picha hizi, kwa sababu wapo, na wengine wana vipaji kuliko mimi. Wengine hufundishwa kumtia mdudu kwenye friji ili apoe na asiruke. Wengine humgandisha kwa gundi. Tafadhali msifanye hivyo. Mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, nilikata kijitawi chenye jike la buibui lililokumbatia mfuko wa mayai, nikakipeleka penye mwanga mzuri. Jike lilianguka njiani. Niliporudi nilimkuta akizunguka pale lilipokuwa tawi, anapapasa hewa kwa miguu ya mbele, anaondoka, anarudi. Nililirudisha tawi na kulifunga kwa uzi, na sikujua kama alikubali. Picha ilitoka nzuri sana. Sijawahi kumwonesha mtu. Alfajiri inatosha, msikilizaji. Ukichelewa, njoo kesho.

Sasa nimrudie yule mama.

Nilimpelekea simu jioni, ametoka kupimiwa majani kituoni, amekaa kwenye kigoda na kikombe cha mursik. Nikampa picha ya chipukizi lenye vinyweleo vya fedha.

"Mama, unajua hiki ni nini?"

Aliisogeza simu mbali, akaisogeza karibu, kama wafanyavyo watu wa umri wake. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alifumba macho, akasugua kidole gumba kwenye kidole cha shahada, polepole.

"Ni chai," akasema. "Hii nywele naijua. Ukishika inakuwa kama sikio la ndama. Ikiwa haina, hilo jani limekomaa, hawalitaki." Akafumbua macho. "Lakini sikujua ni nyeupe."

Miaka yote hiyo kidole kilikuwa kimeona. Nilinyamaza. Nilikuja kumfundisha, na sasa nilikuwa nimekaa chini ya mwalimu.

Mjukuu wake, yule yule kijana wa maziwa, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema: "Kogo, chai ina ua pia. Mwalimu anasema."

"Ua?" Alicheka kidogo. "Najua ina ua. Nimeona mbegu zikianguka kwa shamba la watu walioacha. Lakini ya kwangu sijawahi kuiacha itoe."

Hivyo ndivyo ilivyo. Chai inayochumwa kila wiki haipewi nafasi ya kuchanua. Tunaisawazisha juu kama meza, kimo cha kiuno cha mtu, na nguvu yake yote inaishia kwenye majani. Ukikiacha kichaka, kinapanda, kinataka kuwa mti kama ilivyo asili yake, na kinatoa maua meupe yenye upana wa sarafu ya shilingi ishirini au zaidi kidogo, katikati mna kishada cha nyuzi za manjano, nyingi, zimesimama wima. Yanainama kidogo kuelekea chini, kwa hiyo ili uyaone vizuri ni lazima upige magoti.

Nilimweleza hayo. Alinywa mursik yake, akapangusa midomo, hakusema neno. Nikadhani yamekwisha.

Wiki nyingi baadaye kijana alinisimamisha njiani. "Mwalimu, Kogo anakuita kule juu." Nikapanda naye. Kwenye kona ya shamba, chini ya mti, palikuwa na kichaka kimoja kilichosimama juu ya wenzake kama mtu aliyeinuka kwenye mkutano. Tangu siku ile ya picha mkono wake ulikuwa ukikifikia na kukipita. Majani yalikuwa mapana na ya kijani kizito, na chini yake, kwenye vikonyo vifupi, palining'inia vifungo vya maua, mviringo kama shanga, rangi ya maziwa. Kijana alikuwa amevihesabu. Vilikuwa saba, na kimoja kilikuwa kimeanza kupasuka.

Mama aliweka kikapu chini. Akalaza aproni yake ya plastiki kwenye udongo, akapiga magoti juu yake taratibu, mkono mmoja ukishika bega la mjukuu. Akanyoosha mkono mwingine kwangu.

"Lete hiyo simu," akasema.